Viungio vya Brasi Nyumbani: Yajue Maji Yako Kabla ya Kununua Koki

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MWANANCHI anayejenga nyumba hutumia miaka mingi kukusanya tofali, saruji na mabati, lakini koki, valvu na viungio vya mabomba huvichagua kwa dakika chache tu akiwa dukani. Vipande hivyo vidogo, ambavyo vingi hufukiwa ukutani au chini ya sakafu, ndivyo vinavyobeba mgandamizo wa maji usiku na mchana. Kimoja kikipasuka, ukuta hulowa, sakafu hubomolewa, na ankara ya maji hupanda kabla mwenye nyumba hajajua maji yanapotelea wapi.

Inapotokea hivyo, lawama humwangukia fundi, au bidhaa huitwa bandia, au husemwa kwamba presha ya maji ilikuwa kubwa mno. Kila moja ya sababu hizo inaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana: brasi iliyotumika haikuendana na maji yanayopita ndani yake. Makala haya yanaeleza jinsi brasi inavyoharibika, kwa nini tatizo hili linawahusu zaidi wakazi wa pwani wanaotumia maji ya visima, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua kabla hasara haijatokea.

Brasi ni nini?

Brasi ni aloi, yaani metali inayopatikana kwa kuyeyusha na kuchanganya shaba na zinki. Brasi ya kawaida inayotengenezewa koki, valvu, elbo, tii na yunioni huwa na shaba takriban asilimia 58 hadi 60. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni zinki, pamoja na madini ya risasi, mara nyingi asilimia 2 hadi 3, ambayo huongezwa ili metali ikatike vizuri kwenye mashine za kuchongea.

Nyumba zilizofungwa mabomba ya plastiki hazijaepukana na brasi. Kiungio cha plastiki ya PPR kinachopokea koki huwa na pete ya brasi yenye hesi, iliyozamishwa ndani ya plastiki hiyo. Vilevile, koki nyingi zinazong'aa kama fedha ni brasi iliyopakwa utando mwembamba wa nikeli na kromiamu.

Kwa kuwa brasi haitoi kutu nyekundu kama chuma, wengi huamini kwamba haiharibiki kamwe. Imani hiyo si sahihi. Brasi hulika, ila hulika kimyakimya, na mara nyingi umbo lake la nje hubaki vilevile hadi siku ya kuvunjika.

Zinki inapochujwa na maji

Njia ya kwanza ya uharibifu ni upotevu wa zinki. Katika aloi hii zinki ndiyo metali dhaifu zaidi mbele ya maji. Maji yenye tabia fulani huing'oa na kuiyeyusha taratibu, huku yakiiacha shaba. Kinachobaki ni kama sifongo: kina umbo la kiungio, kina unene wa kiungio, lakini kimejaa vinyweleo na hakina nguvu. Rangi yake hubadilika kutoka njano na kuwa nyekundu inayoelekea waridi, ambayo ndiyo rangi ya shaba iliyobaki peke yake.

Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni ukungu mweupe au wa kijani unaoganda juu ya kiungio, hasa kwenye maungio ya hesi. Ya pili ni unyevu unaojitokeza kwenye mwili wa valvu bila ufa wowote kuonekana, kwa kuwa maji hupenya kupitia vinyweleo. Ya tatu ni kupungua kwa nguvu ya maji katika koki moja wakati nyingine zinatoa vizuri, kwa sababu masalia meupe ya zinki hujikusanya ndani na kuziba njia.

Mambo yanayochochea uharibifu huu yanajulikana. La kwanza ni wingi wa kloraidi, yaani chumvi ileile inayofanya maji yawe na ladha ya ukakasi. La pili ni uchache wa bikaboneti, ambazo katika maji mengine husaidia kujenga utando wa kinga juu ya metali. La tatu ni maji yenye ualkali, hususan pH inapozidi takriban 8.2, hali inayochangia masalia meupe kuganda kwa wingi. La nne ni joto, na ndiyo maana viungio vilivyo karibu na hita ya maji huharibika mapema kuliko vingine. La tano ni maji kutuama kwa muda mrefu ndani ya bomba, kama inavyotokea katika nyumba isiyokaliwa na mtu.

Kiwango cha zinki nacho kina uzito wake. Brasi yenye zinki isiyozidi asilimia 15 hustahimili vizuri. Brasi ya kawaida ya koki ina zinki zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Kwa nini pwani?

Katika Jiji la Dar es Salaam na maeneo mengine ya mwambao, kaya nyingi hutumia vyanzo zaidi ya kimoja. Siku maji ya mamlaka yanapotoka, tangi hujazwa maji ya mto yaliyosafishwa. Yasipotoka, huwashwa pampu ya kisima au huitwa boza. Kwa mwenye nyumba, yote hayo ni maji. Kwa kiungio cha brasi, hayo ni maji ya aina tofauti kabisa.

Visima vilivyo karibu na bahari hukabiliwa na hatari ya kuingiliwa na maji ya chumvi. Chini ya ardhi, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kadiri maji baridi yanavyovutwa kwa wingi kuliko mvua inavyoyarudishia, ndivyo maji ya chumvi yanavyosogea kuelekea nchi kavu na kupanda juu. Kisima kilichokuwa na maji matamu wakati wa kuchimbwa kinaweza kubadilika baada ya miaka kadhaa bila kutoa dalili nyingine isipokuwa ladha.

Hesabu yake ni rahisi. Maji ya bahari yana kloraidi takriban miligramu 19,000 katika kila lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika viwango vya maji ya kunywa vya Afrika Mashariki ni miligramu 250 kwa lita. Kwa hiyo, lita 2 tu za maji ya bahari zikichanganyika na lita 98 za maji yasiyo na chumvi yoyote, mchanganyiko huo utakuwa na takriban miligramu 380 kwa lita, na utakuwa umekwishavuka kikomo. Mtu anaweza kuyazoea maji hayo, akayaogea na kuyafulia kwa miaka mingi. Brasi ya kawaida haiyazoei.

Tatizo hili si la Tanzania pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jiji la Las Vegas nchini Marekani, maelfu ya nyumba zilizofungwa mabomba ya plastiki zilikumbwa na uharibifu wa viungio vya brasi yenye zinki nyingi. Mashauri yalifika mahakamani na kumalizika kwa fidia ya makumi ya mamilioni ya dola. Nyumba hizo hazikuwa kuukuu. Aloi iliyochaguliwa haikufaa kwa maji ya eneo lile.

Nyufa za ghafla

Njia ya pili ya uharibifu haina subira kama ya kwanza. Kiungio kilichoonekana kizima jioni hukutwa asubuhi kimepasuka kwa urefu. Ufa wa namna hii hutokea pale mambo matatu yanapokutana: aloi inayoweza kuathirika, kemikali inayoichokoza, na mkazo wa kudumu ndani ya metali yenyewe.

Elimu hii ina historia ndefu. Enzi za utawala wa Uingereza nchini India, jeshi lilibaini kwamba maganda ya risasi za bunduki, yaliyotengenezwa kwa brasi, yalikuwa yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa msimu wa mvua. Baadaye uchunguzi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1921, ulionyesha chanzo: amonia iliyotokana na mkojo wa farasi katika mazizi ya jirani ilikuwa ikiyeyuka katika unyevu na kushambulia brasi iliyobaki na mkazo tangu kiwandani.

Nyumbani, amonia hutoka kwenye baadhi ya sabuni za maji za kusafishia, kwenye mbolea, na kwenye mabanda ya mifugo yaliyojengwa karibu na mabomba. Mkazo, kwa upande wake, mara nyingi huletwa na spana. Fundi anapozungusha tepu nyeupe mara nyingi kupita kiasi kwenye hesi dume, kisha akaikaza kwa nguvu ndani ya kiungio jike, kile kiungio jike hutanuliwa kutoka ndani. Hakipasuki siku hiyo. Hubaki na mkazo kwa miezi au miaka, hadi siku maji, kemikali na mabadiliko ya presha yatakapokamilisha kazi. Usiku, watumiaji wanapopungua, presha katika mtandao wa maji huweza kupanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya bomba kupasuka watu wakiwa wamelala.

Zipo pia sababu nyingine mbili zinazofaa kutajwa kwa ufupi. Maji yanayokwenda kwa kasi kubwa katika bomba jembamba, hususan yenye mchanga wa kisimani, huichimba brasi kwenye kona. Aidha, brasi ikiungwa moja kwa moja na bomba la chuma lenye utando wa zinki, huanza mwenendo wa umeme kama wa betri, na bomba la chuma ndilo linaloumia kwanza karibu na maungio.

Kipande kilichovunjika kinaeleza mengi

Wananchi wengi hukitupa kiungio kilichovunjika na kununua kingine cha aina ileile, na baada ya muda tatizo hurudi. Ni vema kukiangalia kwanza kwenye mwanga wa kutosha.

Ikiwa sehemu iliyovunjika ni nyekundu au ya waridi na inamomonyoka inapokwanguliwa kwa kisu, zinki imechujwa na maji. Kununua brasi ya kawaida kwa mara nyingine ni kurudia hasara. Ikiwa rangi ni ya njano safi na ufa umepita kwa urefu wa kiungio jike, huenda kilikazwa kupita kiasi au kimeshambuliwa na amonia. Ikiwa metali imechongeka na kuwa nyembamba upande mmoja wa kona, kasi ya maji au mchanga ndio chanzo. Na ikiwa ndani ya utando unaong'aa kuna metali ya kijivu, basi bidhaa hiyo haikuwa brasi. Ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya fedha, ambayo ni nyepesi zaidi na haidumu sana kwenye maji. Sumaku haiwezi kuzitofautisha, kwa sababu hainasi kwenye brasi wala kwenye aloi ya zinki.

Suala la afya

Brasi inapolika, haitoi zinki peke yake. Risasi iliyomo ndani yake nayo huingia kwenye maji, hasa yale yaliyolala ndani ya koki usiku kucha. Risasi haina faida yoyote mwilini, na waathirika wakuu ni watoto wadogo na mimba, kwa kuwa hudhuru ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha mikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa. Nchini Marekani, tangu mwaka 2014, sheria inataka sehemu za vifaa zinazogusana na maji ya kunywa zisiwe na risasi inayozidi wastani wa asilimia 0.25.

Kinga ya nyumbani haina gharama kubwa. Asubuhi, au mnaporejea kutoka safari, fungueni koki maji yatiririke kwa muda kabla ya kuchota ya kunywa au kupikia. Maji hayo ya mwanzo yakingwe kwenye ndoo na kutumika kudekia au kufulia. Maji ya kunywa na ya kupikia chakula cha mtoto yasichukuliwe kwenye koki ya maji ya moto. Ikumbukwe pia kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Gharama ya tone

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, sawa na ndoo moja kubwa. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 600. Kiungio kinachovuja chini ya sakafu hupoteza zaidi ya hapo, na kwa kuwa uvujaji uko baada ya mita, kwa kawaida maji hayo huhesabiwa kwa mteja.

Kupima ni rahisi. Usiku, kila mtu akishamaliza matumizi, fungeni koki zote, hakikisheni tangi limejaa na halipokei maji, kisha andikeni namba zilizopo kwenye mita. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufungua koki, zisomwe tena. Namba zikiwa zimeongezeka, kuna mahali maji yanavuja. Mteja mwenye shaka na ankara yake anatakiwa kuwasilisha malalamiko kwanza kwa mamlaka ya maji inayomhudumia, na asiporidhika na majibu anaweza kuyafikisha EWURA.

Hatua za kuchukua

Kwanza, pimeni maji. Anayetumia kisima anashauriwa kupeleka sampuli katika maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji, au kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuomba vipimo vya pH, kloraidi na ualkali. Kwa visima vya pwani, kipimo kimoja cha siku ya kuchimba hakitoshi. Kirudiwe kila baada ya muda, na haraka zaidi ladha inapobadilika.

Pili, ulizeni aina ya brasi. Ipo brasi iliyotengenezwa kustahimili upotevu wa zinki, ambayo huongezewa aseniki kwa kiasi kidogo sana, chini ya asilimia 0.2. Hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 6509, ambapo kipande hutumbukizwa katika myeyusho wa kloraidi ya shaba wenye nyuzi joto 75 kwa saa 24. Bidhaa za aina hii nyingi huwa na herufi CR au DZR zilizogongwa kwenye mwili wake. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ni ndogo kuliko ya kubomoa ukuta wenye marumaru. Pale presha na joto vinaporuhusu, viungio vya plastiki visivyo na metali ni chaguo jingine kwa maji ya chumvi.

Tatu, nunueni kwa kumbukumbu. Daini risiti ya EFD na muitunze. Bidhaa inayotiliwa shaka kuhusu ubora itolewe taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Na inayodhaniwa kuwa bandia, kwa Tume ya Ushindani (FCC). Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha kipande kilinunuliwa wapi.

Nne, tumieni fundi mwenye mafunzo. Fundi aliyepita VETA au aliyerasimishiwa ujuzi wake anajua kiasi cha tepu kinachotosha na mahali pa kuacha kukaza. Mwenye nyumba naye asimhimize fundi "akaze zaidi" kila aonapo unyevu. Mara nyingi dawa ni kufungua na kufunga upya.

Tano, msifukie msichoweza kukifikia. Viungio vyenye hesi viwekwe mahali panapofunguka, na valvu kuu iwe sehemu ambayo kila mwanafamilia mkubwa anaijua na anaweza kuifunga. Siku ya dharura, valvu hiyo ndiyo inayookoa nyumba. Ifungwe na kufunguliwa mara chache kwa mwaka ili isigande.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa viungio vya brasi, ufa wenyewe huja umechelewa: unapoonekana, maji yamekwishafanya kazi yao kwa miaka. Hivyo kinga huanzia dukani, na kabla ya dukani huanzia kwenye kujua ni maji gani yatakayopita katika bomba. Mwananchi anayejenga sasa, au anayetarajia kubadilisha koki wiki hii, anahimizwa kuuliza swali moja kabla hajauliza bei: je, kifaa hiki kinafaa kwa maji yangu?